Akwariamu kubwa ya nyumbani Lubumbashi: dalili zinazoonekana na chanzo kilichojificha

Tangi la lita 100 likikosewa, linakuambia siku ileile. Tangi la lita 2,000 linanyamaza. Maji mengi hupoa taratibu, huchafuka taratibu, na sumu ikiingia huzimuliwa na wingi wake. Kosa la mwezi wa tatu unaliona mwezi wa sita, samaki akiwa amekwisha kulala ubavu. Hapo wengi hukimbilia dawa. Mimi naweka dawa mwisho kabisa: anza na sakafu, panda kwenye meza, kioo, umeme na maji, ndipo umfikie samaki.

Nitachukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 300, upana 90 na kimo 75. Likijaa hadi ukingoni linabeba lita 2,025. Huo ndio ukubwa wa haki kwa mtu anayetaka kufuga frontosa wa Moba, kwenye Ziwa Tanganyika, yule samaki wa buluu mwenye mistari na nundu kichwani, ambaye wafugaji wa Ulaya wanamnunua kwa bei kali na sisi yuko mkoa wa jirani tu. Dume hufika sentimita 30. Ukimtia katika tangi la mita moja, hilo si tatizo la kutatuliwa, ni la kuachwa.

Maji hayalingani na ukingo

Umejaza, na upande mmoja maji yamebakiza sentimita mbili kufika juu, upande wa pili tatu. Swali la kwanza ni kama hali hiyo ilikuwepo tangu mwanzo au inakua. Weka alama ya kalamu isiyofutika kwenye pembe zote nne, andika tarehe, kisha rudi baada ya wiki mbili. Tofauti ikibaki ileile, sakafu ilimwagwa vibaya: toa maji, nyoosha meza kwa vipande vya chuma chini ya miguu yake (kamwe usichomeke kitu chini ya kioo chenyewe), pima kwa pimamaji, jaza tena. Tofauti ikiongezeka, kuna kitu kinazama.

Piga hesabu ya uzito. Maji peke yake ni tani 2. Kioo cha milimita 19 kwa vipimo hivi ni kama kilo 400, kwa sababu kila mita mraba ya kioo ina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Mchanga wa kina cha sentimita tano unapita kilo 200. Mawe huchukua nafasi ya maji, lakini ni mazito kuliko maji yanayoyaondoa. Ongeza meza ya chuma, umekaribia tani 3 juu ya eneo lisilofika mita mraba tatu, yaani zaidi ya kilo 1,000 kwa kila mita mraba. Sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kawaida huhesabiwa kubeba kilo 150 hadi 200. Kwa hiyo ghorofani hapana, labda mhandisi aliyeona nondo za nyumba hiyo aseme mwenyewe.

Hata chini kwenye ardhi, Lubumbashi ina lake. Viwanja vyetu vingi vilikuwa na vichuguu vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba. Udongo wake unafaa kwa matofali ya kuchoma, basi watu hukata kichuguu, hutengeneza matofali, hujaza shimo kwa kifusi na kumwaga zege juu. Ukitembea hapo husikii kitu. Ukiweka tani 3, ardhi inajibu. Kabla ya kuchagua mahali, gonga sakafu kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua. Palipo wazi chini hulia tofauti. Dawa ya hapo si saruji ya kupaka juu. Ni kuvunja, kuchimba hadi udongo mgumu, na kumwaga zege lenye nondo.

Na mchwa wenyewe hawajaondoka. Meza ya mbao, hata mninga, ikigusa ukuta au sakafu yenye unyevu wataifuata kutoka ndani na kuacha ganda la rangi. Ukiona vinjia vya udongo nyuma ya meza, toa maji siku hiyohiyo. Mimi sipendekezi mbao kabisa kwa ukubwa huu. Fundi wa kulehemu akuunganishie mabomba ya chuma ya mraba, miguu isipungue minane, yapakwe rangi ya kuzuia kutu. Juu yake weka ubao mnene, kisha bamba la povu jeupe gumu, lile linalofungashia televisheni. Punje moja ya mchanga kati ya kioo na ubao inatosha kupasua kitako.

Sakafu ina unyevu asubuhi

Kila mtu hujifariji kwamba ni mvuke uliogandia kwenye kioo. Mvuke wa hewa hugandia kitu kilicho baridi kuliko hewa. Kama maji yako yana nyuzi 25 na sebule ina nyuzi 16, kioo hakiwezi kutoa jasho kwa nje. Jasho litakuwa chini ya mfuniko na kwenye madirisha ya nyumba.

Kausha kila kitu kwa kitambaa, kisha bandika vipande vya karatasi ya chooni kwenye viungo vyote, kuanzia juu hadi chini, na kuzunguka mabomba. Rudi baada ya saa moja. Kipande kilicholowa kwanza ndicho kinachosema ukweli. Mara nyingi utakuta si kiungo: ni waya wa pampu unaoshusha tone moja moja, mfuniko uliotokeza nje ya ukingo, au bomba la hewa linalorudisha maji kwa sababu pampu yake imewekwa chini ya usawa wa tangi na umeme ulikatika usiku.

Ikiwa ni kiungo kweli, uliza kiliwekwa lini. Silikoni ya vioo, ile inayonuka siki, hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa. Katika kiangazi chetu, Juni hadi Agosti, hewa ni kavu na baridi, na utepe mnene wa silikoni unaweza kuwa mgumu nje na laini ndani kwa muda mrefu kuliko maandishi ya kwenye mrija yanavyoahidi. Fundi anayekuambia "kesho unajaza" amezoea madirisha. Mpe wiki mbili, na weka ndoo za maji wazi chumbani ili hewa ipate unyevu. Silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu haifai hata kidogo, dawa hiyo inaua samaki. Tena silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani: kurekebisha ni kukwangua kiungo chote hadi kioo kitupu, kufuta kwa asetoni, na kuanza upya.

Kioo cha mbele kimetuna

Weka rula ndefu dhidi ya kioo katikati. Kutuna kidogo ni kawaida kwa urefu wa mita tatu, lakini kukiongezeka wiki kwa wiki kuna hatari. Msukumo wa maji hutegemea kina, si upana wa tangi: kwa kina cha sentimita 75, kioo cha mbele kinasukumwa kwa nguvu kama ya kilo 840. Aliyekuuzia milimita 12 kwa sababu 19 haikupatikana mjini alikuuzia tatizo. Msukumo huo hukua kwa mraba wa kina, kwa hiyo ukishusha maji hadi sentimita 53 unabaki na nusu yake. Fanya hivyo leo. Kisha mwambie fundi wa vioo aongeze mikanda ya kioo kuzunguka ukingo wa juu na vipande viwili vya kuvuka katikati. Kwa milimita 12, hata hivyo, mimi ningeliacha kwenye sentimita 53 moja kwa moja.

Maji hayaonekani ndani

Chota bilauri moja, iache usiku kucha. Yakitulia na kuacha tope jekundu chini, ni udongo wetu, ama umetoka kwenye mchanga ambao haukuoshwa vya kutosha au kwenye maji ya bomba ya masika. Yakibaki meupe kama yaliyotiwa tone la maziwa, ni bakteria, na tangi ni jipya: usibadilishe chochote, punguza chakula, ngoja. Ya kijani ni mwani unaoelea. Sogeza pazia la dirisha. Ya rangi ya chai lakini angavu ni mti uliouweka ndani, hayana madhara.

Kuna moja linalowachanganya wenye visima virefu: maji yanatoka kwenye bomba safi kabisa, na baada ya saa chache tangini yanakuwa ya kahawia. Hiyo ni chuma iliyoyeyuka ambayo imekutana na oksijeni. Yapitishe kwanza kwenye pipa lenye hewa inayobubujika kwa siku nzima, kutu itulie chini, ndipo uyahamishe.

Samaki wanahema juu

Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Hewa ni nyepesi, na maji yaliyojaa oksijeni hapa yana pungufu ya karibu asilimia 13 kuliko yale ya usawa wa bahari. Maana yake idadi ya samaki unayoisoma kwenye vitabu vya Ulaya ni kubwa kwetu, hasa Septemba na Oktoba maji yakipata joto.

Wakihema baada ya umeme kukatika, sababu inajulikana. Kinachosahaulika ni umeme ukirudi. Ndani ya chujio lililofungwa, bakteria wamemaliza oksijeni na kuanza kufa, maji yake yananuka, na pampu ikiwaka inayamwaga yote tangini. Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili tatu, fungua chujio, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, kisha washa. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima, na chujio la wazi la maporomoko linavumilia giza kuliko la kopo.

Wakihema na umeme upo, pima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki wenyewe. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi nane kukuza bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na kwenye baridi linazidi hapo. Kwa wafugaji wa samaki wa Tanganyika jambo hili ni kali kuliko kwa wengine. Ziwa lile lina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, kama ya 9. Kwenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika umbo la sumu. Kwenye 8 ni kama asilimia 5. Kwenye 9 inapita theluthi moja. Kipimo kilekile ambacho jirani yako mwenye samaki wadogo wa guppy anakipuuza, kwako ni msiba. Badilisha robo ya maji, ambayo hapa ni lita 500, yaani bidoni 25. Ukiona hesabu hiyo inakuchosha, jua kwamba pipa la akiba na pampu ya kuhamisha maji vilitakiwa kuwemo kwenye mpango kabla ya kioo kununuliwa. Maji ya bomba yakae kwenye pipa hilo siku nzima na hewa ikibubujika, klorini itoke.

Konokono wanakufa kwanza

Samaki wanakula, maji ni maangavu, amonia ni sifuri, lakini konokono wamejifungia na mmoja mmoja wanaachia kioo. Baada ya majuma, samaki wanaanza kujisugua mawe na kukosa hamu. Mahali pengine duniani ningesema tafuta dawa uliyotia. Huku kwetu nasema tafuta shaba.

Mshukiwa wa kwanza amekaa katikati ya tangi, mzuri, wa kijani mwenye mistari: jiwe la malakiti ulilonunua mjini kwa wauza mapambo. Malakiti ni kaboneti ya shaba. Katika maji magumu yenye pH ya juu huyeyuka kidogo sana. Katika maji laini, au yenye mti na majani yanayooza, huyeyuka vizuri tu. Na maji laini huzidisha ukali wa shaba kwa samaki. Lipeleke juu ya kabati, linapendeza hapo pia.

Mawe mengine yana mshipa mwembamba wa kijani ndani ya mwamba wa kahawia. Wanaookota karibu na migodi hawauoni hadi walivunje. Mimi huvunja kipande cha kila aina kabla ya kukubali. Mchanga wa mto unaopita karibu na viwanda au lundo la mabaki ya madini usiuguse. Kwa tangi la Tanganyika mawe bora ni ya chokaa, na upande wa Likasi yapo: tone la siki likitoa povu moja kwa moja, ni chokaa. Likikataa, kwangua unga kidogo kwa msumari na udondoshee siki kwenye unga. Dolomiti hutoa povu hivyo tu, nayo inafaa.

Jaribio la bei rahisi kuliko kipimo chochote: tia mchanga au jiwe lenye shaka kwenye ndoo ya maji, ongeza konokono watano wa mtaroni, ngoja wiki mbili. Weka ndoo ya pili isiyo na jiwe, yenye konokono watano wengine, ili usilaumu jiwe kwa kosa la maji.

Nyumba za zamani zina mabomba ya shaba, na maji yaliyolala humo usiku kucha ndiyo mabaya. Yaache yatiririke dakika chache kwanza. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati mapya huja na zinki. Na mapipa ya bluu ya plastiki yanayouzwa nusu bei, uliza yalibeba nini. Yaliyotoka migodini yakiwa na asidi au kemikali ya kuchuja madini hayaoshwi yakasafika. Nunua lililobeba mafuta ya kula, utasugua sana lakini utalala.

Shaba ikithibitika: toa chanzo, badilisha theluthi ya maji kila siku mbili, weka mkaa maalumu wa kuchujia kwenye chujio na uubadilishe. Jiwe au mchanga ulioshika shaba usirudi.

Juni na Julai: samaki wametulia chini, madoa meupe yanatokea

Usiku wetu wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba nyingi hazina dari la kuzuia baridi. Samaki wa Tanganyika amezoea nyuzi 24 hadi 27. Akikaa kwenye 20, kinga inashuka na vimelea vya madoa meupe vinapanda.

Ukubwa hapa ni rafiki na adui. Ili lita 2,000 zishuke nyuzi moja zinapoteza kama kilowati-saa 2.3. Tangi linalovuja wati 500 za joto huchukua zaidi ya saa nne kushuka nyuzi moja, kwa hiyo usiku mmoja bila umeme hauui. Lakini kupandisha ni vilevile: hita zenye wati 500 za ziada zitahitaji saa nne na zaidi kwa kila nyuzi. Anayegundua baridi kwenye nyuzi 19 amechelewa siku nzima na zaidi.

Badala ya kuongeza hita, punguza upotevu. Povu jeupe la sentimita tano nyuma, pande zote mbili, na mfuniko usio na nafasi. Blanketi mbele usiku. Gawa joto kwenye hita tatu au nne ndogo, maana moja kubwa ikikwama ikiwaka inapika. Kwa madoa yenyewe, pandisha taratibu hadi nyuzi 28, ongeza hewa, na weka chumvi gramu 2 kwa lita, kilo 4 kwa tangi hili, iliyoyeyushwa kwanza na kumiminwa kwa siku mbili. Dawa zenye shaba, hapana.

Pampu inanguruma haizunguki, au mkono unachomwa

Mngurumo bila mzunguko ni mchanga kwenye mhimili au umeme ulioshuka sana. Pima soketi usiku, saa ambayo mtaa wote unapika. Ukikuta volti 160, kurekebisha pampu hakusaidii, tafuta stabilaiza.

Ukihisi mchomo mdogo majini, usirudie kuhakikisha. Zima kila kitu, chomoa kimoja kimoja. Mara nyingi ni hita yenye ufa. Kila tangi la ukubwa huu liwe na swichi ya usalama ya miliamperi 30 inayokata umeme unapovuja, waya wa ardhi uliounganishwa kweli, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Wageni wa Moba wanakufa saa chache baada ya kufika

Mfuko ukisafiri siku mbili, samaki hutoa amonia na kaboni dioksaidi. Kaboni dioksaidi hushusha pH, na amonia inabaki katika umbo lisilodhuru. Unapofungua mfuko na kuanza kudondoshea maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima, kama wengi tulivyofundishwa, gesi inatoka, pH inapanda, na samaki wanaungua ndani ya mfuko mbele ya macho yako. Acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji nusu saa ili joto lilingane, fungua, toa samaki kwa wavu, weka tangini, mwaga maji ya mfuko nje. Tangu kufungua ni dakika mbili, si saa moja.

Frontosa anayeelea kichwa chini na tumbo juu, ingawa anahema vizuri, huenda alipandishwa haraka kutoka kina kirefu. Anaishi mita 20 hadi 50 chini, na kibofu chake cha hewa hutanuka akipanda. Mvuvi mzuri humpandisha kwa hatua. Muulize kabla ya kulipa, na ukimwona muuzaji anashangaa swali lenyewe, rudi nyumbani na pesa yako.

Tumbo limevimba, kinyesi cheupe chembamba

Kama ni Tropheus, samaki mwingine wa Tanganyika, umempa nyama. Huyu hukwangua mwani kwenye mawe, utumbo wake ni mrefu, na dagaa au moyo wa ng'ombe vinaoza kabla ya kufika mwisho. Mfungie siku tatu bila chakula, kisha mchicha uliochemshwa kidogo na mwani mkavu. Frontosa ni kinyume, anataka samaki wadogo na kamba. Ukiwaweka pamoja, mmoja atakula chakula cha mwenzake, na Tropheus mdogo atakuwa chakula chenyewe.